Msiba wa Mzee wa Darajani

Naikumbuka Jumamosi moja ya baridi, mwanangu, ukungu umeshuka mpaka kwenye vizingiti vya maduka hapa Malindi yetu ya milimani, si ile ya pwani, nami nimesimama mbele ya meza ya fundi cherehani nikiwa na jitu mkononi. Jitu lenyewe lilikuwa koni tupu ya uzi. Nilikuwa nimelipaka rangi ya majivu na kulichora macho mekundu, na kwa majuma mawili nilikuwa nimelifanyia mazoezi ya sauti bandani, mpaka ng'ombe wa bibi akawa akiniona naingia anaacha kula. Nilijiambia kwamba safari hii hakuna kitakachoharibika. Kila kitu kiliharibika kwa sababu ya shikamoo moja.

Lakini kabla sijaendelea, niombe radhi kwa hilo neno mwanangu. Najua sijafika miaka thelathini, na wewe umenipita kimo. Ila mimi nilipewa jina la mama yake bibi, na kwetu anayerithi jina hurithi na heshima ya mwenye jina. Bibi yangu hajawahi kuniita vinginevyo. Ananiita mama tangu nikiwa nimefungwa mgongoni, na wajomba zangu wenye mvi huniamkia kwa utani wakipita njiani. Mtu aliyeitwa mama miaka yote hiyo ana haki ya kupata mwana mmoja. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyepanda kutoka Mazinde kuja kuniuliza namna ya kuanzisha meza ya mchezo wetu, kwa watu ambao hawajawahi kuucheza hata siku moja, basi mwana ni wewe. Kaa karibu na moto. Nitakwenda taratibu. Mwenda pole hajikwai, nami nimeshajikwaa vya kunitosha.

Mchezo wenyewe unaujua, ila nitausema kama ninavyowaambia wageni. Watu wanakaa mezani, kila mmoja anachagua mtu wa kuwa ndani ya hadithi: shujaa, mwizi, tabibu, chochote. Mmoja ndiye msimulizi. Yeye huwaambia wengine wako wapi na wanaona nini, nao humwambia wanafanya nini. Pale ambapo hakuna anayejua kama jambo litafaulu, dadu inaamua. Hakuna mshindi. Hadithi inaendelea Jumamosi hii na ile, miezi na miezi, na nchi isiyokuwepo inazidi kuwa na njia na majina.

Mimi nilijifunza peke yangu. Nilikuwa napanda kilimani nyuma ya kanisa, mahali simu inaposhika mtandao, natazama video za watu wa nchi za mbali wanavyocheka kuzunguka meza wakirusha dadu za pande ishirini. Dadu za namna hiyo sikuwa nazo. Nikaokota vizibo ishirini vya soda, nikaandika namba kwa ndani kwa rangi ya kucha, nikavitia kwenye kofia ya sufu. Unaingiza mkono, unachomoa kimoja, unasoma, unarudisha; namba kubwa ni kufaulu, ndogo ni kushindwa. Kanuni nilizinakili kwa kalamu, kamusi ikiwa gotini. Kisha nikacheza, kwa miaka kadhaa, peke yangu. Nilikuwa msimulizi, nikawa shujaa, nikawa mwizi, nikawa adui. Meza ya namna hiyo haina ugomvi. Hakuna anayekukosea, na hakuna anayekuona ukikosea.

Hapo ndipo palipo ugonjwa wangu, nami sikufichi. Mimi ni mtu ambaye akikosea herufi moja anachana ukurasa mzima. Nikimenya viazi, kile kilichobaki na jicho nakirudia hata kama maji yameshachemka. Usiku kabla ya kusoma somo kanisani silali. Kwa hiyo nilipopata watu watatu waliokubali kukaa na mimi mezani, nilifurahi kwa muda mfupi sana. Halafu nikaanza kuogopa.

Wa kwanza ni Fundi Elia mwenyewe, mwenye meza. Alikubali kwa sababu siku zile za baridi wateja wa Jumamosi mchana walikuwa haba, na kwa sababu Elia hawezi kukaa kimya akiwa peke yake. Huongea na cherehani. Wa pili ni Mwalimu Zuhura, aliyehamishiwa huku kutoka Tanga mjini, anavaa sweta mbili na bado anaulizia kama huu ndio mwisho wa baridi au ndio inaanza. Wa tatu ni Mama Neema, muuza mboga na peasi zilizokaushwa, mzee wa kanisa, mwanamke ambaye akipita sokoni hata wauza viatu huzima redio kumsalimia. Yeye hakualikwa. Alikuja kusubiri gauni lake lipindwe, akasikia tunachopanga, akavuta kigoda.

Makosa yalianza mapema, wakati wa kuchagua. Katika kanuni zangu kulikuwa na mtu mwenye nguvu za ajabu, na mimi kwa haraka nikamwita mchawi. Mama Neema akakunja mikono yake juu ya mkoba. Akasema kwa upole kwamba yeye ni mzee wa kanisa, mchungaji akipita dirishani amkute yeye ni mchawi, atajitetea vipi. Nikasema basi mganga. Hapo ndipo Elia alipoinama chini ya meza kucheka. Mwisho Mama Neema akauliza kama hao watu wanaokwenda safari ndefu namna hiyo hawali. Nikasema wanakula. Akasema, basi yeye ni mpishi. Kanuni zangu hazikuwa na mpishi, mwanangu.  Nikaandika mpishi, lakini shingo upande. Mwalimu Zuhura alikataa kuwa mwizi kwa muda wa chai moja tu, halafu akakubali, na tangu siku hiyo hajawahi kukubali kuwa kitu kingine. Elia akawa shujaa mwenye mkasi mrefu kuliko yeye.

Basi hadithi ikaanza. Kijiji kimoja cha milimani chemchemi yake imekauka. Watatu hawa wametumwa kwenda kutafuta kwa nini. Nilikuwa nimechora njia yote kwa chaki kwenye kitambaa cheusi, na wao walikuwa vifungo vitatu kutoka kwenye kopo la Elia: cha shaba, cha bluu, na kimoja kikubwa cha koti, ambacho kilikuwa Mama Neema. Wakapita msituni vizuri. Wakapika. Wakabishana kuhusu chumvi. Kisha wakafika kwenye daraja la mawe, nami nikalitoa jitu langu chini ya meza na kulisimamisha.

Kwenye karatasi zangu jitu lilitakiwa kunguruma na kupiga. Hilo ndilo pambano la kwanza. Wageni wanajifunza kupigana, ndivyo nilivyoona kwenye video zote. Nikasema, "Mbele yenu, katikati ya daraja, amesimama jitu mzee, ndevu zake zimefika magotini. Anawatazama. Mnafanya nini?"

Elia alikuwa ameshaingiza mkono kwenye kofia. Lakini Mama Neema akamshika kiwiko, akainuka kidogo kwenye kigoda chake, akakunja goti pale pale nyuma ya meza, akaitazama ile koni ya uzi.

"Shikamoo, babu," akasema.

Nilitafuta kwenye karatasi. Hapakuwa na mstari wa shikamoo. Nikawaza haraka: jitu likisema marahaba, pambano limekufa, maana nani atampiga mtu aliyemwitikia marahaba. Na pambano likifa, kurasa zote zinazofuata zimekufa. Nikasema jitu halijibu.

Mama Neema akadhani mzee hasikii vizuri. Akaamkia tena kwa sauti ya kumfaa mzee. Mwalimu Zuhura naye akaamkia. Elia akatoa mkono kwenye kofia, akavua kofia yake mwenyewe aliyovaa, akaamkia. Wote watatu wakanitazama, wakisubiri.

Nikasema, "Amesikia. Haitikii. Anainua rungu."

Laiti ungeona zile nyuso. Hapa kwetu mtu mzima akiamkiwa na mtoto asiyemjua, hata awe amebeba mzigo wa kuni kichwani, ataitikia. Akiwa na hasira ataitikia kwa hasira. Watu watatu wenye adabu zao walikuwa wamepiga shikamoo, na mzee amekaa nazo kimya. Mwalimu Zuhura akasema, akiwa hanitazami, kwamba kwao Tanga hata mlevi huitika. Nikawaambia wachomoe vizibo. Wakachomoa kama watu wanaolipa faini. Elia akapata kumi na tisa, kisha ishirini, na ile koni ikaanguka kwenye kitambaa na kubingirika mpaka kwenye sakafu. Hakuna aliyeshangilia. Mama Neema akaiokota, akaifuta vumbi kwa upindo wa khanga, akaisimamisha pembeni ya meza.

"Tumemuua mzee wa watu," akasema. Halafu akauliza gauni lake kama liko tayari.

Walipoagana hawakuitaja Jumamosi inayofuata. Mwalimu alisema ana madaftari ya kusahihisha. Elia akasema ana sare za shule, nyingi, huenda zikamchukua mwezi. Alisema kwa upole, na upole ndio ulioniumiza, kwa sababu Elia akiwa mzima hutania. Nilibeba kofia yangu ya vizibo nikapanda nyumbani kwenye ukungu, nikijua kwamba watu niliowasubiri miaka yote ile nimewapoteza kwa mchana mmoja, na kwamba kesho kutwa nitakuwa tena shujaa, mwizi na adui peke yangu.

Bibi alikuwa jikoni anapuliza moto. Nyumbani tunaongea Kishambaa, kwa hiyo haya nakupa kwa Kiswahili ila ladha imepungua. Aliniuliza mbona nimerudi na uso wa mtu aliyemwaga maziwa. Nikamweleza yote. Nilianza kwa kuwalaumu wao, nakiri: kwamba hawajui kucheza, kwamba wanaamkia majitu, kwamba mmoja amekuwa mpishi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho akigeuza mahindi kwenye makaa. Hakucheka. Nilitamani acheke.

"Mama," akasema, "hilo jitu lako limelelewa na nani?"

Nikasema halikulelewa, ni jitu tu.

"Basi ulikuwa na haraka gani ya kumleta mbele ya watu? Mlee kwanza."

Nikasema, bibi, ni koni ya uzi. Nilisema kwa kiburi kidogo, kile cha mtu anayekaribia kulia. Yeye akanipa hindi, akakaa. Akaniuliza kama yule Mama Neema, ambaye anamjua tangu ubatizo wake, ni mtu wa kukunjia goti koni ya uzi. Nikasema hapana.

"Basi alimwona mzee," bibi akasema. "Wewe ulimleta mzee, wakamwona, wakamwamkia. Wewe mwenyewe ndiye hukumwona."

Niliacha kutafuna. Kwa majuma mawili nilikuwa nimeomba watu hawa waiamini hadithi yangu. Walipoiamini, kwa njia yao, kwa kitu ambacho mama zao waliwafundisha kabla hawajaweza kutembea, niliwaambia wamekosea. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na pale mezani ulimwengu nilikuwa mimi, nami sikulifunza jitu langu hata neno moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone; wageni walikuja, mwenyeji akafunga mlango ili asichafuliwe nyumba.

Mtu wa namna yangu ukimwonyesha kosa lake, jambo la kwanza analofikiria ni kuandika maelezo marefu. Nilitaka kumwandikia kila mmoja ukurasa wa kuomba radhi. Bibi akanikataza. Akasema mtu ambaye umemchosha kwa maneno humponyi kwa maneno. Nikamuuliza, sasa watarudije, nao wana sare na madaftari. Akageuza makaa. Akauliza, kama anaulizia bei ya chumvi, yule mzee wa darajani atazikwa lini.

Ndipo nikacheka mimi, mwanangu, mpaka nikapaliwa na hindi. Maana unajua kama ninavyojua. Huku milimani mtu anaweza kukataa mwaliko wa harusi. Anaweza kusema ana mafua siku ya mkutano. Lakini nani umemsikia akisema hana nafasi ya msiba?

Siku ya soko nikashuka. Nikamkuta Mama Neema kwenye karoti zake, nikamwamkia, nikamwambia kwamba yule mzee wa darajani anazikwa Jumamosi mchana, dukani kwa Elia. Aliniangalia kwa muda, mkono ukiwa juu ya fungu la karoti. Nilidhani atanifukuza. Akauliza mzee ameacha mjane. Nikasema ameacha. Akasema, "Maskini," na akataka kujua kama kuna mtu wa kupika. Mwalimu Zuhura nilimpata shuleni mlangoni. Aliposikia alifunika mdomo kwa mtandio, mabega yakacheza, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa watu wanakutana saa ngapi. Elia hakuacha hata kushona. Akasema sare ni sare na msiba ni msiba, na kwamba kwa kuwa aliyemuua marehemu ni yeye, itabidi akae mbele.

Tatizo langu likabaki moja, la mjane. Nilijaribu sauti yake bandani, ng'ombe akanihurumia. Ijumaa nikamwambia bibi kwamba siwezi, kila nikiisema inatoka ya kuigiza. Bibi alikuwa mjane tangu nikiwa darasa la pili. Akafunga kilemba chake akasema kazi hiyo ameizoea, atakuja yeye.

Unaelewa nilichokuwa naombwa. Kumpa mtu mwingine sauti ndani ya hadithi yangu, mtu ambaye hajasoma kanuni hata moja, ambaye angeweza kusema lolote. Sikulala. Lakini nilikubali, na katika yote niliyofanya mezani mpaka leo, kukubali kule ndiko ninakojivunia.

Jumamosi ikafika. Mama Neema akaja na sufuria la viazi na chai ya tangawizi. Viazi vya kweli, mwanangu, kwa msiba wa koni ya uzi. Mwalimu Zuhura alileta sukari kwenye mfuko, akasema kwao hawaendi mikono mitupu. Elia alikuwa ametandika mkeka, na ile koni ameifunika kwa kipande cha shuka jeupe alichokishona pembe nne, kwa ufundi uleule anaowashonea watu. Pembeni aliweka kopo la vifungo wazi. Nikamuuliza la nini. Akasema la rambirambi. Kila mtu akatia kifungo.

Bibi aliketi ukutani, khanga imefika kwenye paji la uso. Nikawaambia wasafiri kwamba kwenye daraja wamemkuta mjane wa jitu, naye ni mkubwa kiasi kwamba akikaa bado yuko sawa na paa. Kisha nikamwachia bibi. Mikono yangu nikaikalia.

Mama Neema akaenda wa kwanza. Akapiga goti. "Shikamoo, bibi."

Bibi hakuitikia upesi. Alimtazama Mama Neema, akamtazama Zuhura, akamtazama Elia aliyekuwa ameinamisha kichwa kama mwenye kesi. Nje mtu alipita akiswaga mbuzi, tukasikia kwato zote. Moyo wangu ulikuwa unaniambia kwamba yanarudi yale yale.

"Marahaba, wanangu," bibi akasema. "Karibuni. Mmepanda kutoka mbali."

Sijui nikuelezee vipi kilichotokea mezani. Ni kama watu walioshusha mizigo. Elia alipuliza pumzi mpaka vizibo vikalia. Mwalimu Zuhura akajipangusa macho, akasema ni moshi, na hapakuwa na moto. Wakampa pole, naye akazipokea moja moja. Kisha Elia akajikohoza, akasema yeye ndiye mwenye mkasi, na kwamba mzee aliamkiwa mara nne hakuitika, wakaona ana ubaya.

"Hakuwa na ubaya," bibi akasema. "Mume wangu alisimama pale miaka mingi. Watu wanapita, wanachota maji, hakuna anayemwamkia, wanaogopa ukubwa wake. Nyinyi mlipomwamkia alikuwa hajasikia neno hilo tangu ujana. Alikuwa analitafuta jibu lake. Mngemsubiri kidogo."

Mwanangu, mimi ndiye niliyelitengeneza jitu lile, na sikujua habari hiyo. Nilikuwa nimesimama darajani pangu miaka kadhaa, kofia ya vizibo mkononi, na nilipoamkiwa na watu wa kweli nilifungua mdomo nikakuta neno halipo. Bibi hakunitazama aliposema. Aliendelea kutengeneza khanga yake.

Na hapo hapo akaniharibia hadithi. Elia aliuliza, kwa heshima zote, kama mjane anajua habari za chemchemi. Kwenye karatasi zangu chemchemi ilizibwa na nyoka wa vichwa saba, ambaye nilikuwa nimempa kila kichwa jina. Bibi akasema maji yalinuna. Akasema mumewe ndiye aliyekuwa anayaamsha kila asubuhi kwa kugonga jiwe, na alipochoka kutosalimiwa akaacha kugonga. Nilifungua mdomo kusahihisha. Nikaziona zile nyuso tatu zimeinama mbele, Mwalimu ameshika kidevu kama wanafunzi wake. Nikafumba. Nyoka wangu alikufa pale pale na vichwa vyake vyote, na hakuna aliyemletea viazi.

Mjane akawapa fimbo ya marehemu, ambayo ilikuwa rula ya Elia, akawaambia waende wakagonge jiwe na kuyaamkia maji kwa niaba yake. Wakabishana agonge nani. Wakakubaliana mpishi, kwa kuwa ndiye mwenye kuhitaji maji kuliko wote. Mama Neema akaingiza mkono kwenye kofia, akafumba macho, Elia akimshutumu kwamba anapapasa kutafuta ishirini. Akachomoa. Ilikuwa mbili.

Mbili ni kushindwa. Wote waliijua kanuni hiyo sasa. Wakanigeukia, na safari hii sikuwa na ukurasa wowote wa kukimbilia.

Nikasema, "Jiwe linaguna. Linatoka tope."

Elia akasema, "Kama bomba la kwetu," na meza nzima ikaanguka kwa kicheko. Mama Neema akauliza tope hilo likiachwa litulie, halitachujika? Akasema yeye ni mpishi, ana kitambaa, ana subira, atakaa hapo hapo. Nikamwambia akae. Wakakaa wote watatu kwenye ile hadithi, wakanywa chai ya kweli wakisubiri maji yasiyokuwepo, na walipomaliza vikombe nikawaambia kwamba tope limeanza kuwa jepesi, na kwa mbali, chini ya jiwe, kuna sauti. Mama Neema akaliinamia jiwe akasema onga mshi, kama mtu anavyomsalimia jirani mchana, kwa lugha ya nyumbani. Na maji yakaja.

Wakati wa kuondoka, Elia alimshika mkono bibi, kisha akanigeukia akauliza Jumamosi ijayo tunaanza saa ngapi, maana sare zinaweza kusubiri. Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Wametoka mbali tangu siku ile. Sasa wamevuka bahari ambayo hakuna kati yetu anayeweza kuiogelea, na Mama Neema amepika katika falme nne.

Basi hili ndilo ninalokupa uteremke nalo. Jiandae, mwanangu, sikwambii uende mtupu, mkono mtupu haulambwi. Chora njia zako. Fanyia sauti zako mazoezi, kama una ng'ombe mvumilivu. Lakini kila unayemleta mezani, awe jitu, awe mfalme, awe jiwe, jiulize kwanza nani alimlea, ili akiguswa na watu ajue la kufanya. Watu wako wa Mazinde hawatajua kanuni. Watajua kuamkia, kubembeleza bei, kuzika, kupatanisha ndugu waliogombania mpaka wa shamba, kukaribisha mgeni kwa chakula kidogo. Watavileta hivyo kwanza, kwa sababu ndivyo walivyo navyo. Mcheza kwao hutunzwa. Mwache kila mmoja acheze kwao. Usiwaambie kwamba hivyo si mchezo. Siku mtu atakapokiamkia kizibo chako, acha karatasi, acha kanuni, nyamaza umsikilize, maana ndiyo dakika hadithi yako imepata pumzi. Na ukikosea, nawe utakosea, usichane ukurasa. Uzike mzee, uwaite watu, mpike viazi.

Mimi bado naogopa kila Jumamosi. Sikudanganyi kwamba inaisha. Ila naogopa huku nikitandika mkeka.

Haya, shuka kabla ukungu haujafunga njia. Meza yako iwe na watu wengi kuliko vigoda. Watu wako wakuharibie hadithi mpaka iwe yao. Vizibo vyako vikitoa mbili, ucheke wa kwanza. Na Mungu aliyeiweka milima hii juu ya nyika akujalie hili tu, ambalo mimi nililikosa siku yangu: ukiamkiwa, neno lisikupotee.